Mbigili za Baba Jenifa

Placidia alipopanda basi la Bukoba kwenda kumwangalia binti yake Jenifa aliyejifungua, aliacha uwanja umefagiliwa ukafagilika. Uwanja ule wa mbele, kati ya nyumba yao na barabara iendayo Kayanga, ndio uliokuwa heshima yake. Kila asubuhi kabla ya chai aliupitia wote kwa ufagio, kisha akauzunguka na kijembe kidogo aking'oa kila kilichothubutu kuchomoza. Alimwambia mumewe kwamba angekaa huko mpaka mtoto akaze shingo. Mtoto akakaza shingo, akaanza kukaa, akaota na meno, na Placidia bado yuko Bukoba, kila akipigiwa simu anasema wiki ijayo.

Protase, mumewe, hakuwa mvivu. Hilo lisemwe mapema, maana atasemwa mengi kabla hatujamaliza. Kibanja chake pale Bugene kilikuwa mfano: migomba imepunguziwa machipukizi, nyasi zimetandazwa chini, kahawa imepogolewa vizuri. Lakini uwanja si kibanja. Kwao mwanamume hulima, hupogoa, hukamua ndizi za rubisi, pombe yao. Uwanja ni wa mwanamke, ufagio ni wa mwanamke, na kile kijembe cha kung'olea magugu ya mbele ya nyumba nacho ni cha mwanamke. Hakuna aliyewahi kulipitisha jambo hilo kwenye mkutano wowote, na hakuna aliyelivunja hadharani akasalimika na midomo ya watu. Kwa hiyo Protase akawa anapita uwanjani asubuhi na jioni, mikono nyuma, akiyatazama magugu yanavyochipua utadhani yanaota kwa jirani.

Kilianza kishona nguo, ambacho kila mtu anacho. Ikafuata ndulele, na miiba yake ile ya chini ya jani. Halafu mvua zikakolea, zikaja mbigili. Mbigili si gugu la mchezo. Jani lake lina miiba pembeni, shina lina miiba, hata ua lake limekaa katikati ya miiba, na ukilikata juu linachipua mara mbili kutoka chini. Zilianzia karibu na shimo la taka, zikasogea kwenye kamba ya kuanikia nguo, zikafika mlangoni. Kwenye mpaka na jirani, ambako hakuna aliyezigusa, zilimfikia mtu kiunoni.

Ungeuliza, kwa nini asichukue jembe usiku mmoja yakaisha? Au kwa nini asimtafute kibarua? Protase aliyafikiria hayo yote. Kibarua angekwenda kuwasimulia watu kwamba kwa Baba Jenifa sasa anaitwa mtu baki kuja kufanya kazi ya mke, na kijiji kingemaliza hesabu chenyewe: Placidia hayuko kulea mjukuu, Placidia amekimbia. Tayari kulikuwa na watu waliokuwa wakimuuliza habari za mama kwa sauti ya pole kidogo.

Na kulikuwa na habari ya Elipidius. Mwaka uliopita mke wa Elipidius alivunjika mguu, na asubuhi moja Elipidius akaonekana ameshika ufagio mbele ya nyumba yake. Jioni hiyo, kilabuni kwa Novatus, wanaume walicheka mpaka rubisi ikawapalia. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Protase. Na si kucheka tu: ni yeye, kwa kinywa chake, aliyempa Elipidius jina la Bibi Harusi, jina ambalo limemganda mpaka leo hata watoto wa shule wanalijua. Basi Protase alijua vizuri kinachomngoja mtu wa namna hiyo, kwa sababu alikipika mwenyewe.

Angeweza kuvumilia miiba yake kimyakimya, kama si zamu. Yeye alikuwa mwenyekiti wa jumuiya, na sala za jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba. Sasa zilikuwa zinakuja kwake. Watu wangekaa uwanjani kwenye mikeka, viatu wameviacha pembeni. Placidia alipompigia simu kuulizia uwanja, Protase alimjibu kwamba uwanja uko safi kabisa. Alipokata simu alijiona mjinga, lakini alikuwa ameshasema.

Alfajiri moja akajipa moyo. Akatoka na kijembe cha mkewe kabla barabara haijaamka, akapiga magoti nyuma ya kichaka cha ndulele, akaanza kung'oa. Hakuwa amefika mbali aliposikia hatua. Alikuwa Mwalimu Adventina, anayeishi kwa chini kidogo, anawahi shule. Protase akakisukuma kijembe chini ya majani, akabaki amepiga magoti mikono mitupu.

Adventina alimwamkia, akamuuliza kulikoni. Protase akasema ameangusha ufunguo wa stoo. Mwalimu yule ana moyo mwema, Mungu amzidishie. Aliweka mkoba wake kwenye jiwe, akapiga magoti naye, akaanza kupekua mbigili kutafuta ufunguo ambao ulikuwa mfukoni kwa Protase. Alichomwa kidole, akakinyonya, akaendelea. Protase alimwacha apekue. Alimwacha kabisa, mpaka mwalimu mwenyewe alipotazama saa na kumwomba radhi kwamba atachelewa darasani. Alipoondoka, Protase aliingia ndani akakaa kitandani, uso unamwaka, na hakurudi tena uwanjani kwa magoti.

Ndipo akakumbuka dawa. Alikwenda Kayanga kwenye duka la pembejeo, akanunua dawa ya kuua magugu. Kijana wa dukani alimweleza vizuri: asipulizie kukiwa na upepo, mdomo wa bomba auinamishe chini, na asiikaribishe kabisa kwenye mmea anaoupenda. Protase aliitikia huku macho yako mlangoni, akiangalia nani anamwona. Bomba alikuwa nalo, lile la kupulizia kahawa. Mwanamume akiwa na bomba mgongoni hakuna anayemcheka. Anaonekana mtu wa maendeleo.

Hata hivyo hakutaka kuonekana. Akachagua asubuhi ya ukungu, ule ukungu mzito wa Karagwe unaoficha hata mgomba ulio mbele yako, akapulizia uwanja wote kwa haraka. Upepo ulikuwa umeanza kupanda kutoka bondeni, akauona, akajisemea ni kidogo. Alipofika mpakani akakuta mbigili zimesimama katikati ya miramula, zimeshikana nayo, zingine zimeipita kwa urefu. Angeweka bomba chini, akatenganisha kwa mkono, kazi ingekwisha. Lakini kutenganisha kulitaka kuinama, na ukungu ulikuwa unaanza kupungua. Akainua mdomo wa bomba juu, akapulizia mstari mzima kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sasa hapo lazima tuseme mramula ni nini, kwa wasiotoka huku. Ni mti mwembamba wenye majani marefu, unashika kwa kukata kijiti na kuchomeka, haufi kwa jua wala kwa mvua. Hupandwa mpakani. Palipo na mramula hapabishaniwi. Anayeung'oa hahitaji kesi nyingine, ameshajitangaza mwizi wa ardhi. Na miramula ile ya kwa Protase haikuwa miramula tu. Ng'ambo ya pili aliishi Kokuberwa, Mama Egbert, mjane wa Ainebyona. Ainebyona alipofariki, kaka yake Kahigi alitoka Bweranyange na wenzake kabla hata watu wa matanga hawajatawanyika, akasema kile kipande cha juu chenye kahawa nzuri ni cha ukoo, mjane abaki na cha chini kinamtosha. Protase ndiye aliyesimama. Aliapa mbele ya wazee kwamba Ainebyona alipewa chote na baba yake, yeye akiwepo, akakata vijiti vya miramula akavipanda kwa mkono wake kukizunguka kibanja kizima, juu na chini. Kahigi akaondoka na hasira zake. Tangu siku hiyo Mama Egbert hakumpitia Protase bila kumletea kitu, maharage mabichi, parachichi, na alikuwa akiwaambia watu kwamba mwanawe Egbert yuko mbali, anafanya kazi Rubwera, lakini yeye ana Baba Jenifa.

Siku ya jumuiya mbigili zilikuwa zimekauka. Protase alizifyeka kwa panga, kazi ambayo mwanamume anaruhusiwa, akazichoma. Watu wakaja, wakasifu uwanja. Kweli miiba mikavu ilibaki imefichama udongoni, na katekista aliruka kidogo alipokaa, lakini sala zilikwenda vizuri na Mama Egbert alisema mbele ya wote kwamba wanaume wangekuwa kama Baba Jenifa wanawake wangesafiri bila wasiwasi. Protase aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu. Ilikuwa raha sana, na aliila raha ile yote bila kumwachia mtu.

Miramula ilianza kugeuka njano baada ya hapo. Kwanza ncha za majani, kisha jani zima, kisha mti unalegea kutoka juu. Protase aliiona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila asubuhi alikwenda kuichungulia, akamwagia maji jioni moja kwa siri, akaomba. Haikusaidia kitu.

Mama Egbert akaja. Alikuja kwa upole, na kikapu cha parachichi, kama kawaida yake. Walisimama wawili tu kwenye mpaka, hapakuwa na mtu mwingine hata wa kupita.

“Baba Jenifa,” akamwambia, “hii miti imepatwa na nini? Wewe ndiye uliyeipanda.”

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Sentensi moja ingetosha, nimepulizia dawa ya magugu ikaifikia, nisamehe, nitapanda mingine kesho. Lakini sentensi hiyo ilikuwa na maswali nyuma yake. Kwa nini hukung'oa kwa mkono? Kwa nini kwenye ukungu? Na Protase, kichwani mwake, akamwona Novatus akimimina rubisi, akawasikia wanaume wakichagua jina, na jina lenyewe wasingekosa, alikuwa amewafundisha.

“Mchwa,” akasema. “Mwaka huu mchwa wamezidi.”

Mama Egbert akautazama mramula uliokuwa karibu, akauinamia, akafukua udongo kidogo na kidole. Hapakuwa na mchwa. Alimpa zile parachichi, Protase akazipokea, na kwa aibu ya kuzipokea akashindwa kuzila. Zilioza zote mezani.

Mti mmoja ukaanguka, ukafuata mwingine, mpaka mstari wa chini wote, ule unaopakana na Protase, ukawa umelala. Na Mama Egbert ana macho. Miramula ya juu ilikuwa mibichi. Ya upande wa barabara ilikuwa mibichi. Mchwa gani hao wanaokula upande wa Protase peke yake? Alimpigia simu Egbert, Egbert akasema atakuja akipata ruhusa. Akasubiri. Asubuhi akikutana na Protase njiani, salamu yake ikawa fupi, kisha ikawa haipo. Alianza kufunga mlango wake mapema. Protase aliyaona yote hayo na kila siku alijiambia kwamba kesho atakwenda kumwambia, na kesho ilipofika ilikuwa imekuwa ngumu zaidi kuliko jana, kwa sababu sasa angekuwa anakiri mambo mawili, dawa na uongo.

Habari alipewa na Novatus, tena kwa kunong'onezwa, kilabu kikiwa bado hakina watu. Mama Egbert alikuwa amekwenda Bweranyange. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, kwa shemeji yake Kahigi, akakaa mbele ya watu wa ukoo, akawaomba wamsaidie, maana jirani aliyekuwa ngao yake amemgeuka, anafuta mpaka ili ajiongezee ardhi. Kahigi alikuwa amekubali kuja. Novatus alisimulia huku akimkodolea macho Protase, akingoja akanushe. Protase alisema hayo ni maneno ya watu, akaiacha rubisi yake nusu.

Njiani kurudi nyumbani, kichwani mwake alikuwa akimwona Mama Egbert ameketi mbele ya ukoo kule Bweranyange. Kahigi ndiye mtu ambaye mama yule alimwogopa kuliko wote duniani. Kwa hiyo alikuwa amefikia mahali pa kumwona Protase kuwa ni wa kuogopwa zaidi ya Kahigi. Protase alisimama katikati ya barabara, pikipiki ikampigia honi, akasogea. Aliona aibu ya namna ambayo hakuwahi kuijua, si ile ya kuchekwa. Hii haikuhitaji mtu wa kumtazama.

Kikao kilifanyika pale pale mpakani. Mzee Apolinary, mwenyekiti wa kitongoji, alikuja na fimbo yake. Kahigi alikuja na ndugu wawili. Watu walijaa, hakuna anayekosa kikao cha mpaka. Elipidius alikuwepo, Novatus alikuwepo, Mwalimu Adventina alisimama nyuma na vitabu vyake. Mama Egbert alitoa kigoda chake kizuri akamwekea Kahigi, akakipangusa kwa kanga kabla hajakaa.

Kahigi alizungumza kwa ustadi. Alisema yeye hana ugomvi na mtu. Amekuja kumlinda mke wa marehemu ndugu yake, ambaye watu wengine walijifanya kumlinda kumbe walikuwa wanapima. Mtu akishaijua mipaka vizuri, alisema, ndiye anayejua pa kuifuta. Watu wakaguna. Mzee Apolinary akamgeukia Protase akamtaka aeleze miti imekufaje.

Protase alikuwa amekuja na mchwa mdomoni, tayari. Alifungua kinywa, akamwona Mama Egbert amesimama nyuma ya kigoda cha Kahigi, mikono ameikunja mbele kama mgeni kwenye kibanja chake mwenyewe. Mchwa wakakataa kutoka.

Akasema ni dawa. Akasema aliipulizia mwenyewe, kuua mbigili za uwanjani, na hakuwa na nia yoyote na ardhi ya mtu.

Kahigi akacheka, tena kwa adabu. Akauliza ni mwanamume gani mwenye akili, mkulima wa kahawa, anayepeleka bomba kwenye miramula kwa bahati mbaya. Mbigili hung'olewa kwa mkono, hata mtoto anajua. Watu wakatikisa vichwa kumkubali, na Protase akaona kwamba ukweli wake ulikuwa haujatosha. Ulikuwa nusu, na nusu haikumfaa mtu.

Basi akaumwaga wote. Akasema Placidia alipoondoka yeye alishindwa kushika ufagio kwa kuogopa kuchekwa. Akasema alipulizia kwenye ukungu asionekane, na aliinua bomba juu ya miramula kwa sababu kuinama kungemchelewesha. Akasema hata kabla ya hapo alijaribu kung'oa kwa magoti, Mwalimu Adventina akamkuta, naye akamdanganya kwamba anatafuta ufunguo wa stoo, akamwacha mtoto wa watu apekue miiba mpaka akachomwa, na ufunguo uko mfukoni.

Watu wote wakamgeukia mwalimu. Adventina alimtazama Protase kwa huruma.

“Ni kweli,” akasema. “Nilitafuta mpaka nikachelewa shule.”

Kicheko kilianzia nyuma, kikaja mbele, kikamfikia hata Mzee Apolinary, ambaye aligeuka upande akajifanya anakohoa. Novatus alijishika mbavu. Kila mtu sasa aliamini, kwa kuwa hakuna mwizi wa ardhi ambaye angetunga habari ya kipumbavu kiasi kile juu yake mwenyewe. Protase alisimama katikati yao, masikio yanamwaka, akingoja jina. Alimtazama Elipidius, ambaye alikuwa na haki ya kulitoa. Elipidius hakucheka. Alimwangalia Protase kwa muda, akatikisa kichwa, akatazama pembeni, na hilo lilimuuma Protase kuliko kama angemtukana.

Mama Egbert naye hakucheka. Alisubiri watu watulie.

“Mimi nilikuuliza, Baba Jenifa,” akasema. “Tulikuwa wawili tu hapa. Wa kukucheka hakuwepo. Ungeniambia, ningekuja kukufagilia mimi.”

Protase alisema samahani, neno lenyewe likatoka dogo sana, sidhani hata kama wote walilisikia. Mzee Apolinary akasafisha koo, akatamka kwamba basi hapana kesi: mpaka uko pale pale, miti ipandwe upya, Bwana Kahigi anashukuriwa kwa kuja na anaweza kurudi salama.

Kahigi hakuinuka kwenye kigoda. Alisema taratibu kwamba anaheshimu maneno ya mwenyekiti, na habari ya mpaka wa chini haimhusu tena. Lakini shemeji yake alipokuja Bweranyange hakuja mikono mitupu. Mbele ya ukoo alisema kwamba ukoo ukimlinda, kile kipande cha juu, cha kahawa, ataurudishia ukoo. Ukoo umekubali. Umekuja, kama alivyoomba. Kama anasema hakusema, aseme.

Watu waliokuwa wakicheka waliacha. Mama Egbert alitazama chini.

“Nilisema,” akajibu.

Mzee Apolinary alijaribu. Alisema mama alikuwa na hofu, na hofu yenyewe imeonekana haikuwa na msingi. Protase naye akajitokeza, akasema kwamba atatoa kipande katika kibanja chake mwenyewe, cha kahawa vilevile, Kahigi akichukue hicho aache cha mjane. Kahigi akasema yeye hakuja kuomba ardhi ya Protase. Na Mama Egbert akainua mkono kumnyamazisha, bila ukali. Alisema neno amelitoa kwa watu wa marehemu mume wake, nao anakutana nao kwenye misiba na harusi, na hataki mwanawe Egbert aje kuitwa mtoto wa mwanamke mwenye ndimi mbili. Alilisema hilo akimtazama Kahigi, lakini Protase alijua lilikuwa limemlenga nani.

Asubuhi iliyofuata Protase alikata vijiti vya miramula kutoka upande wake wa barabarani, akajaza mfuko. Alipanda mstari wa chini kwanza, peke yake, kwa magoti, akizing'oa kwa mkono mbigili zilizokwisha kuchipua tena kati ya mashimo. Watu walipita wakamsalimu, akawaitikia bila kuinuka. Hakujali tena nani anamwona, na hakujisifu kwa hilo. Ilikuwa imechelewa mno kuwa ushujaa.

Alipomaliza akaona Mama Egbert amesimama karibu yake na kamba ya kupimia mistari mkononi. Alimwambia twende. Protase akauliza wapi, ingawa alijua.

“Kule juu,” akasema. “Mipaka yangu yote uliipanda wewe. Na huu upande wewe.”

Walikwea mteremko kati ya migomba, Mama Egbert mbele, Protase nyuma na mfuko wake. Kahigi alikuwa ameshafika, amesimama chini ya kahawa iliyojaa matunda mabichi, anazungushia macho mali yake. Mama Egbert alishika ncha moja ya kamba, ndugu wa Kahigi akashika nyingine, wakaivuta ikanyooka, ikapita katikati ya kile ambacho Protase alikuwa amekiapia kwamba hakina mwingine. Akapiga magoti. Alichimba, akachomeka kijiti, akakandamiza udongo kwa viganja, akasogea, akachimba tena. Mara mbili alisikia anataka kusema kitu, na mara zote mbili aliona hana kinywa cha kukisemea. Mama Egbert hakumharakisha. Kila Protase alipomaliza kijiti kimoja, yeye alisogeza kamba kidogo, akahakikisha hakijaingia upande wowote.

Kijiti cha mwisho kiliposimama, Mama Egbert akaanza kukunja kamba yake. Kahigi akamsogelea Protase, akampa mkono kumwinua, akamshukuru sana kwa kazi nzuri.